Unadhifu wa Mwislamu: Mwili, Mavazi na Moyo

Watu wanaouchunguza Uislamu, na hata ndugu walioingia karibuni, huuliza maswali mawili yanayoonekana kupingana. Wengine husema: Je, mtu akimwelekea Mwenyezi Mungu si lazima aache kujipamba, avae vilivyochakaa, wala asiujali mwili wake, ili ijulikane kwamba ameipa dunia mgongo? Wengine husema: Je, mtu akitaka kuheshimiwa kazini na barazani, si lazima avae kwa gharama kama wavaavyo wakubwa, hata ikimbidi kukopa? Wa kwanza anadhani uchafu ni uchaji Mungu. Wa pili anadhani nguo ndiyo utu. Katika somo hili tutaonyesha, Inshallah, kwamba Islam inawakataa wote wawili, na kwamba njia iliyofundishwa na Mtume Mtukufu s.a.w. inawezekana kwa tajiri na kwa maskini sawasawa.

(Aya zinazotajwa hapa zimehesabiwa kwa kuifanya Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura. Mwenye msahafu wa hesabu nyingine atazame aya iliyotangulia, isipokuwa katika Sura Tauba isiyoanza kwa Bismillahi.)

1. KWA NINI DINI IUSHUGHULIKIE MWILI?

Mtu aweza kusema kwamba dini ni jambo la moyo, basi ina haja gani na kucha, meno na nguo? Jibu ni kwamba mwili na roho haviishi mbalimbali kama wapangaji wawili wasiojuana. Seyidna Ahmad a.s., katika maandishi yake yaliyosomwa kwenye Mkutano wa Dini Kuu mjini Lahore, Desemba 1896, alilieleza jambo hili kwa mifano ambayo kila mtu aweza kuijaribu. Alionyesha kwamba mtu akijilazimisha kulia, huzuni huingia moyoni mwake. Akisujudu, unyenyekevu hushuka rohoni. Akitembea kwa kutunisha kifua na kuinua shingo, kiburi huanza kuota ndani yake. Kwa hiyo hali za nje huacha alama ndani, na kwa sababu hiyo Mwenyezi Mungu humlea mwanadamu kwa kuanzia na adabu za kula, kuoga na kuvaa, kisha humpandisha kwenye tabia njema, na mwishoni kwenye hali ya kiroho.

Ndiyo maana miongoni mwa amri za mwanzo kabisa alizopewa Mtume Mtukufu s.a.w. huko Makka imo amri ya kusafisha mavazi (74:5). Wafasiri wameona humo pia amri ya kutakasa moyo na kuwatakasa wafuasi, lakini maana ya dhahiri haikufutwa. Na katika Sura Al-Baqara (2:223) tunafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu huwapenda wenye kutubu na wenye kujitakasa. Toba ni usafi wa ndani, na kujitakasa kunakusanya pia usafi wa nje. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja katika aya moja, basi nani atakayeyatenga?

2. USAFI HUTANGULIA PAMBO

Anayetaka kuonekana vizuri aanze na maji kabla ya dukani. Mwislamu amewekewa udhu (5:7): huosha uso, mikono mpaka viwikoni, hupaka maji kichwani, na huosha miguu mpaka vifundoni, na kwa sunna husukutua kinywa na kusafisha pua. Mtume s.a.w. alizifananisha sala tano na mto upitao mlangoni pa mtu, naye akaoga humo mara tano kila siku. Akawauliza masahaba kama uchafu wowote ungebaki mwilini mwake. Wakajibu kwamba usingebaki. Akawaeleza kwamba ndivyo sala zinavyofuta makosa. Tazama jinsi alivyochukua usafi wa mwili kuwa kipimo cha kufahamisha usafi wa roho. Asiyejua raha ya kuoga ataufahamuje mfano huu?

Katika viungo vyote, kinywa kilipewa uangalifu wa pekee. Mtume s.a.w. alieleza kwamba, lau si kuogopa kuutaabisha umati wake, angaliwaamrisha kupiga mswaki kwa kila sala. Bibi Aisha r.a. alipoulizwa Mtume s.a.w. alianza na nini alipoingia nyumbani, alijibu kwamba alianza na mswaki. Yaani hata mbele ya mkewe, ndani ya chumba chake, hakupenda kinywa chake kimwudhi mtu. Neno letu hili la mswaki limetoka katika Kiarabu, na mti wenyewe hukua katika nchi zetu. Asiyekuwa na dawa ya meno ya dukani hana udhuru.

Kwa sababu hiyohiyo aliyekula kitunguu saumu au kitunguu kibichi aliagizwa asiukaribie msikiti mpaka harufu iondoke. Chakula hicho ni halali. Kilichozuiwa ni kuwaudhi wenzako wanaosimama bega kwa bega nawe.

Bibi Aisha r.a. anasimulia tena kwamba watu walikuwa wakija kusali Ijumaa kutoka majumbani mwao na kutoka vijiji vya juu ya Madina, wamejaa vumbi na jasho la kazi. Mtume s.a.w. hakuwakaripia wala hakuwafukuza. Aliwaambia tu kwamba ingekuwa vizuri kama wangejisafisha kwa ajili ya siku hiyo. Ndipo kuoga siku ya Ijumaa, kupiga mswaki na kujipaka manukato kukawa desturi ya Waislamu. Ndugu msomaji, fahamu kwamba wale walikuwa wakulima na wachungaji. Jasho la kazi halal si aibu. Aibu ni kulileta mbele ya watu ilhali maji yapo.

3. NYWELE, NDEVU NA KUCHA

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira r.a., mambo matano yamehesabiwa kuwa ni ya maumbile safi ya mwanadamu: kutahiri, kunyoa nywele za sehemu za siri, kuondoa nywele za kwapa, kukata kucha na kupunguza masharubu. Anas r.a. ameeleza kwamba waliwekewa muda wa kutoyaacha mambo haya ya kunyoa na kukata zaidi ya siku 40. Huo ndio mpaka wa mwisho, wala si kawaida ya kufuata. Mwenye bidii hukata kucha zake mara nyingi zaidi, hasa mpishi, mkunga, mwuguzi na kila ashikaye chakula au watoto.

Kuhusu nywele za kichwa, Mtume s.a.w. alifundisha kwamba mwenye nywele azitunze. Katika Muwatta ya Imam Malik imesimuliwa kwamba mtu mmoja aliingia msikitini nywele na ndevu zake zikiwa zimetimka. Mtume s.a.w. akamwashiria kwa mkono atoke akajitengeneze. Alipokwisha kujitengeneza na kurudi, Mtume s.a.w. akawauliza waliokuwapo kama hali hiyo si bora kuliko mtu kuja amevurugika kichwa kama shetani. Aliamrisha kwa ishara ya mkono ili asimwaibishe. Hili ni fundisho kwa wazee wetu wa misikiti: kumrekebisha mgeni kuna adabu yake.

Lakini pia alikataza kupindukia. Aliwazuia watu wasishughulike na kuchana nywele kila mara, wakapoteza saa mbele ya kioo. Alikataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu. Siku ya ushindi wa Makka, mwaka 630, alipoletwa Abu Quhafa, baba yake Sayidna Abubakar r.a., kichwa na ndevu zake zikiwa nyeupe kabisa, Mtume s.a.w. alielekeza wazibadilishe kwa rangi, ila waepuke nyeusi. Hina basi si pambo la harusi tu. Hata mzee aweza kujitengeneza kwa heshima bila kuudanganya umri wake.

4. NGUO GANI NDIYO NGUO YA MWISLAMU?

Hapa ndipo wageni wengi wanapotatizika. Mtu wa bara aliyesilimu huuliza: Je, sasa niache shati na suruali, nivae kanzu na kofia? Jibu ni kwamba kanzu ni vazi zuri la heshima katika pwani yetu, nayo inafaa sana kwa sala, lakini Islam haikumlazimisha mtu kuvaa vazi la taifa fulani. Mtume s.a.w. alivaa mavazi ya nchi yake, akapenda joho la mistari lililofumwa Yemen, na katika safari ya Tabuk, mwaka huohuo wa 630, alivaa juba lililotoka Sham, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Warumi. Mughira bin Shu'ba r.a. anasimulia kwamba mikono ya juba hilo ilikuwa myembamba hata Mtume s.a.w. alipotaka kutia udhu hakuweza kuikunja, ikambidi atoe mikono yake kwa chini ya vazi. Kama vazi la wageni lingekuwa dhambi kwa ugeni wake, yeye asingalilivaa.

Kinachotakiwa ni masharti, na masharti ni haya:

Kwanza, nguo isitiri. Kurani Tukufu inataja kusitiri kuwa kazi ya kwanza ya vazi, na pambo kuwa ya pili (7:27). Nguo nyepesi ionyeshayo mwili, au inayobana hata viungo vikahesabika, imeshindwa kazi yake ya kwanza. Wanaume na wanawake wote wameamrishwa kuinamisha macho na kuhifadhi utupu wao, na wanawake wameongezewa amri ya kuteremsha shela zao vifuani na kutoonyesha mapambo yao kwa wasio maharimu (24:31-32).

Pili, iwe safi. Nguo iliyotiwa kiraka lakini imefuliwa ni bora kuliko joho lenye madoa.

Tatu, wanaume wasivae hariri wala dhahabu. Hivyo vimehalalishwa kwa wanawake.

Nne, isiwe nguo ya kutafutia umaarufu, yaani ile ambayo mtu huivaa ili vichwa vigeuke anapopita.

Mtume s.a.w. alipendekeza nguo nyeupe, kwa kuwa hazifichi uchafu. Pia aliwashauri watu wawe na nguo mbili za Ijumaa mbali na nguo za kazi, kwa aliyeweza. Shauri hili latosha kumwongoza mfanyakazi wa mshahara mdogo. Hahitaji sanduku la nguo. Ana haja ya jozi moja ya kazi na jozi moja ya ibada na shughuli, sabuni ya kipande, sindano na uzi, na pasi ya mkaa. Hata nguo ya mtumba, ikifuliwa vizuri, ikarudishiwa vifungo vilivyokatika na ikapigwa pasi, humsitiri mwenyewe na kumpa heshima. Viatu vikipigwa rangi usiku, asubuhi mtu hatoki kwa haraka na fedheha.

5. KWA MWENYE MALI ANAYEJIFANYA FUKARA

Wapo walio na uwezo lakini huvaa matambara wakidhani wanampendeza Mungu, au wakiogopa kuombwa. Sahaba mmoja alifika mbele ya Mtume s.a.w. akiwa na nguo duni. Mtume s.a.w. akamwuliza kama ana mali. Akajibu kwamba anayo ya kila namna, ngamia, kondoo na farasi. Akamwambia kwamba Mungu akimpa mtu mali, basi athari ya neema hiyo ionekane juu yake. Kuificha neema ni namna ya kukosa shukrani. Na Kurani Tukufu inauliza ni nani aliyeharamisha pambo ambalo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake (7:33). Kabla ya aya hiyo wanadamu wameagizwa kushika mapambo yao wakati wa kila ibada, wale na wanywe, lakini wasipite kiasi (7:32). Wapokezi wanaeleza kwamba zamani za ujahili baadhi ya Waarabu waliizunguka Kaaba wakiwa uchi, wakidhani ni utakatifu. Islam ikaja ikawavika nguo.

Huenda mtu akauliza: Je, haikupokewa hadithi kwamba huenda mtu mwenye nywele zilizotimka, anayesukumwa milangoni, akawa ndiye ambaye akimwapia Mungu jambo, Mungu humtimizia? Ndiyo, imepokewa katika Sahih Muslim. Lakini hadithi hiyo imetufundisha tusimdharau aliyepungukiwa. Haikutuamrisha kutimua nywele. Mtume yuleyule aliyeeleza cheo cha maskini huyo ndiye aliyemtoa mtu msikitini akachane ndevu zake. Mafundisho haya mawili yanakutana vizuri: jitengeneze wewe mwenyewe, wala usimhukumu mwenzako kwa vazi lake.

6. KWA ASIYE NA MALI ANAYEJIFANYA TAJIRI

Ugonjwa wa pili umeenea zaidi mijini. Kijana hupata kazi ya kwanza, na kabla ya kulipa kodi ya chumba ameshachukua suti kwa mkopo. Bibi huazima dhahabu ya kwenda nayo harusini, ikipotea urafiki huvunjika. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri. Deni huondoa usingizi, nalo humfundisha mtu kusema uongo mlangoni anapobishiwa hodi, Mtume s.a.w. alikuwa akijikinga kwa Mungu katika sala yake na deni, akaeleza kwamba mwenye deni husema akaongopa, na huahidi akavunja. Ni heshima gani hiyo inayonunuliwa kwa uongo?

Vibaya zaidi ni kuharibu umbo. Mtume s.a.w. alikataza kuunganisha nywele za bandia na kuchanja chale za urembo. Siku zetu wapo wanaojichubua ngozi ili waonekane weupe. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, na zebaki hupenya ngozini ikadhuru figo. Kwa ajili ya madhara ya namna hii, Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliwekea nchi zilizouridhia mwisho wa mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza, kuingiza nchini na kuuza nje vipodozi vilivyozidi sehemu moja ya zebaki katika milioni. Zaidi ya madhara hayo, mwenye kujichubua anasema kwa kitendo chake kwamba Muumba alikosea alipompa rangi yake. Kurani Tukufu inataja kutofautiana kwa rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara za Mungu (30:23). Nani anayeifuta ishara ya Mungu akabaki na uzuri? Huo ni uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

7. MPAKA UKO WAPI?

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Abdullah bin Mas'ud r.a. anasimulia kwamba Mtume s.a.w. aliwaambia watu kuwa hataingia Peponi mwenye kiburi moyoni hata kama ni uzito wa chembe. Mtu mmoja akaingiwa na hofu, akauliza juu ya mtu apendaye nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Mtume s.a.w. akamtuliza, akamweleza kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Soma jibu hili polepole. Mpaka haukuwekwa kwenye bei ya kitambaa, wala kwenye kung'aa kwa kiatu. Umewekwa moyoni, katika mambo mawili: je, ukiambiwa la haki na mtu aliyevaa vibaya kuliko wewe, utalikubali? Na je, ukimwona aliyevaa vibaya kuliko wewe, utampa mkono kama unavyompa mwenye tai? Anayejibu ndiyo kwa yote mawili, vazi lake zuri ni shukrani. Anayejibu hapana, hata kanzu yake nyeupe ni kiburi, na hata kiraka chake ni kiburi, maana wapo wanaojivunia viraka.

Ndiyo sababu Sayidna Abubakar r.a. alipoeleza kwa wasiwasi kwamba upande mmoja wa shuka yake huteremka asipoushika, Mtume s.a.w. alimwambia kwamba yeye si miongoni mwa wanaofanya hivyo kwa kiburi. Na Luqman, alipomwusia mwanawe, hakumtajia nguo. Alimwambia asiwageuzie watu shavu kwa dharau, asitembee kwa maringo, na ashushe sauti yake (31:19-20). Mtu aliyepigwa pasi mpaka kola akamtukana karani au mpagazi amejivua nguo mbele ya watu.

8. NYUMBANI NDIPO PA KUANZIA

Neno la mwisho ni kwa waliooa. Wengi hujipamba kwa ajili ya wageni, na nyumbani hukaa na jasho. Ibn Abbas r.a. alieleza kwamba alipenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama alivyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake, akaitolea hoja aya isemayo kwamba wanawake wana haki kama zilivyo haki juu yao (2:229). Basi mume asidai udi, asmini na wanja, naye anarudi na kinywa cha tumbaku. Usafi ni haki ya pande zote mbili.

MASWALI YA KUJIPIMA

(1) Je, leo kuna mtu aliyeudhika kwa harufu yangu au kwa uchafu wangu? (2) Je, nguo niliyovaa imelipiwa? (3) Je, inasitiri? (4) Nimeivaa kumshukuru Mungu, au kumtia jirani wivu? (5) Je, nimemsalimu leo mtu aliyevaa vibaya kuliko mimi?

Kurani Tukufu, baada ya kutaja vazi la kusitiri na vazi la pambo, inataja vazi la tatu, nalo ni uchaji Mungu, na inasema hilo ndilo bora (7:27). Vazi hilo haliuzwi madukani wala haliazimwi, na fukara hulipata kama alipatavyo mfalme. Lakini halikuja kuvunja yale mawili ya kwanza, limekuja kuyakamilisha. Mwenyezi Mungu atusafishe miili yetu kwa maji, mali zetu kwa halali, na mioyo yetu kwa toba, atuepushe na uchafu na majivuno. Amin.